Monita Bapa au Iliyopinda? Mazungumzo na Wapiga Picha na Walaji wa Ipagala



Tumeombwa tuzungumze juu ya swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiuliza: anayehariri picha kwa kompyuta anunue monita bapa, yaani ile tuliyoizoea, au anunue ile iliyopinda, ambayo kingo zake mbili zimeinama kumwelekea aliyeketi mbele yake? Mwenye kusikia kwa mbali aweza kudhani kwamba hili ni suala la anasa. Kwa mwenye studio si anasa hata kidogo. Baada ya kamera, monita ndiyo macho yake ya pili. Kijana anayeanza kazi huinunua kwa akiba ya miezi mingi, kwa fedha za kikundi, au kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo hudai marejesho hata pale kifaa kilichonunuliwa kisipofaa. Aidha, tangu Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji mwezi Aprili 2018, watu na shughuli zimeongezeka, na pamoja nazo harusi, mahafali na vikao vinavyohitaji picha. Mteja ambaye albamu yake ya harusi imetoka na rangi zisizo zake hawezi kurudiwa harusi.

Tutatoa jibu letu mapema, kisha tulitolee sababu. Kwa kazi ya kuhariri picha, mlaji wa kawaida anufaike zaidi na monita bapa. Monita iliyopinda ina mahali pake, nasi tutapataja. Hata hivyo, umbo si jambo la kwanza la kutazama. Yapo mambo mawili yanayoamua ubora wa picha kuliko umbo, nayo ni aina ya paneli na mwangaza.

Maana ya kupinda na ya herufi R

Kwenye boksi la monita iliyopinda mtaona maandishi kama 1000R, 1500R au 1800R. Tarakimu hizo hutaja nusu kipenyo cha duara kwa milimita. Kwa hiyo 1800R maana yake ni kwamba, lau skrini hiyo ingeendelezwa hadi kufunga duara kamili, kutoka katikati ya duara hadi kwenye skrini pangekuwa mita 1.8. Kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo, ndivyo mpindo unavyokuwa mkali zaidi. Basi 1000R imepinda kuliko 1800R.

Watengenezaji hueleza kwamba mpindo huo huziweka sehemu zote za skrini katika umbali unaokaribiana na jicho. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini faida yake hutegemea upana wa skrini. Hebu tupige hesabu. Monita bapa ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60 hivi. Ukiketi sentimita 60 mbele yake, kingo zake zitakuwa mbali na jicho lako kwa sentimita 67. Tofauti ya katikati na kingo ni sentimita 7. Monita hiyo ikipinda kwa 1800R, kingo husogea mbele kwa sentimita 2.5, na tofauti hupungua hadi kama sentimita 5. Mlaji hajapata faida kubwa hapo. Monita pana ya inchi 34, ambayo upana wake unakaribia sentimita 80, ni habari nyingine: ikiwa bapa, kingo zake huachana na katikati kwa sentimita 12, na hapo mpindo huanza kumsaidia mtumiaji kweli.

Kutokana na hesabu hiyo tunasema hivi: katika skrini ya inchi 24 au 27, mpindo ni pambo kuliko msaada. Wengi wenu mnakumbuka televisheni zilizopinda, zilizoingia sokoni kwa kishindo mwaka 2013 na miaka iliyofuata, ambazo leo ni nadra kuziona dukani. Si kila kipya ni cha lazima.

Mistari iliyonyooka, na mteja aliyeketi kando

Mhariri wa picha hunyoosha mistari kila siku: upeo wa nchi yetu ya tambarare, paa la ukumbi, nguzo za kanisa, safu ya wanakamati waliosimama mbele ya pazia. Juu ya skrini iliyopinda, mstari ulionyooka uliopo juu au chini ya usawa wa macho huweza kuonekana umejipinda kidogo, hasa unapoegemea upande. Picha yenyewe haijapinda. Kilichopinda ni kioo. Hatari ni kwamba mhariri atausahihisha mstari usio na kosa, na picha itakapochapwa kwenye karatasi, ambayo daima ni bapa, kosa alilolitia mwenyewe litaonekana wazi.

Macho huzoea, na mtu aliyefanya kazi miezi kadhaa mbele ya skrini iliyopinda hujifunza kuufidia mpindo huo. Lakini mteja hajazoea. Katika studio zetu mteja huketi kando ya mhariri, aghalabu pamoja na ndugu wawili watatu, wakichagua picha za albamu. Skrini iliyopinda imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeketi katikati. Aliyeketi kulia huliona bawa la kulia kwa mshazari mkali, kwa sababu bawa hilo limegeukia upande wa pili. Mteja huyo anachagua na kuidhinisha picha ambayo hakuiona sawasawa. Ugomvi mwingi wa malipo huanzia hapo: mmoja anasema "hivi sivyo nilivyoona", naye mwenzake anasema "ulikubali mwenyewe".

Kinachoamua rangi ni paneli

Ndani ya kila monita mna paneli, na katika soko letu zipo aina tatu zinazotajwa sana: TN, VA na IPS. Paneli ya TN ni ya bei ya chini, na rangi zake hugeuka mara tu unapoinua au kuinamisha kichwa. Haifai kwa picha. Paneli ya IPS hutunza rangi zake hata ukiitazama kwa upande. Paneli ya VA ina weusi mzito unaopendeza kwenye filamu: tofauti yake ya mwanga na giza hufikia 3000 kwa 1, ilhali IPS za kawaida huwa karibu na 1000 kwa 1. Lakini ina udhaifu unaotuhusu sisi moja kwa moja.

Udhaifu huo ni kwamba rangi za giza kwenye VA hubadilika kadiri jicho linavyohama. Ukiitazama moja kwa moja, weusi hafifu humezwa na weusi mzito; ukiitazama kwa pembe, weusi uleule hufifia na kuwa kijivu. Sasa fikirini picha ya harusi: bwana harusi mwenye ngozi ya maji ya kunde katikati, amevaa suti nyeusi, wasimamizi wenye ngozi nyeusi zaidi pembeni, nao wamevaa suti za rangi ileile. Katika picha kama hiyo, habari yote muhimu imo katika rangi za giza: mikunjo ya suti, nywele, kivuli cha shavu, tofauti ya ngozi ya mtu na mtu. Paneli inayozibadilisha rangi hizo kutoka katikati hadi ukingoni humfanya mhariri amng'arishe asiyestahili kung'arishwa na kumtia giza aliyekuwa sawa.

Historia ya upigaji picha inatufundisha tusilichukulie jambo hili kwa wepesi. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi zilitoka bila sura kamili. Leo kompyuta imetupa uwezo wa kuitendea haki kila ngozi, mradi tu kioo tunachokitazama kiseme kweli.

Hapa umbo na paneli hukutana. Monita nyingi zilizopinda za bei ya kati hutumia paneli za VA, na mpindo wenyewe humsaidia mtu wa katikati kuziona kingo kwa pembe nafuu. Monita bapa za IPS, kwa upande mwingine, zinapatikana kwa wingi na kwa bei mbalimbali. Kwa hiyo, kwa fedha ileile, anayechagua bapa kwa kawaida hupata paneli bora zaidi kwa kazi ya picha. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya ushauri wetu.

Pamoja na paneli, tazameni mambo haya mawili katika maelezo ya bidhaa. La kwanza ni upeo wa rangi: monita ionyeshe asilimia 99 au 100 ya sRGB, kipimo cha rangi kinachotumiwa na simu, mitandao na sehemu kubwa ya wachapaji wa picha. Adobe RGB ni pana zaidi, lakini humfaa yule ambaye mchapaji wake anaipokea. La pili ni wingi wa piseli. Skrini ya inchi 24 yenye piseli 1920 kwa 1080 ina piseli 92 hivi katika kila inchi. Ya inchi 27 yenye piseli 2560 kwa 1440 ina 109. Wako wanaotumia televisheni ya inchi 32 yenye piseli 1366 kwa 768 badala ya monita. Hiyo ina piseli 49 tu kwa inchi, na aghalabu hukoleza rangi na kunoa kingo za picha ili filamu ivutie. Inafaa kumwonyesha mteja kwa mbali, haifai kuhariria.

Kwa nini picha hutoka na giza

Lalamiko linalosikika mara nyingi ni kwamba picha ilipendeza kwenye kompyuta lakini imechapwa ikiwa na giza. Mara nyingi mchapaji hulaumiwa bure. Monita mpya hutoka kiwandani ikiwa imewekewa mwangaza mkubwa, pengine niti 250 au 300, ili ing'ae dukani. Kazi ya picha zitakazochapwa huhitaji kati ya niti 80 na 120. Mhariri anayetazama skrini inayong'aa kupita kiasi huiona picha imetosha mwanga, hivyo huipunguza; karatasi isiyo na taa ndani yake humwumbua.

Punguzeni mwangaza mpaka karatasi nyeupe iliyoshikwa kando ya skrini, chini ya taa ya chumba, ilingane kwa makadirio na weupe wa skrini. Chagueni rangi ya weupe ya 6500K au mpangilio ulioandikwa sRGB, na zimeni mipangilio ya michezo na ya filamu. Mwenye uwezo anunue kipima rangi, kifaa kidogo kinachowekwa juu ya skrini na kuisawazisha. Kwa kuwa kifaa hicho hutumika mara chache kwa mwezi, studio tano za mtaa mmoja zaweza kukichangia na kukizungusha.

Mazingira yetu ya Dodoma

Jua letu ni kali na fremu nyingi za biashara hufunguka moja kwa moja barabarani. Skrini bapa ukiigeuza kidogo, mwale wa mlango huondoka wote. Skrini iliyopinda hutazama pande nyingi kwa wakati mmoja. Ukiliokoa bawa moja, jingine hupokea mwanga. Iwe bapa au iliyopinda, iwekeni ubavu wake uelekee mlangoni, wala msiielekeze mlangoni au kuipa mlango mgongo. Ukuta ulio karibu upakwe rangi tulivu, kwa maana ukuta wa kijani kibichi hurudisha ukijani wake machoni mwa mhariri.

Vumbi la kiangazi hufutwa kwa kitambaa laini kikavu, monita ikiwa imezimwa. Msitumie spiriti wala dawa ya kusafishia vioo vya madirisha, kwa sababu huharibu utando wa juu wa skrini. Umeme wetu ni wa volti 230. Hakikisheni kifaa kinaukubali, na kiungeni kupitia stabilaiza au UPS. Anayeagiza Kariakoo na kupokea mzigo kwa basi akumbuke kwamba monita iliyopinda huhitaji boksi lake halisi, kwa kuwa haiwezi kulazwa juu ya kitu bapa bila kukandamizwa mahali pamoja.

Majaribio sita kabla ya kulipa

Nendeni dukani na picha zenu wenyewe kwenye flashi, tena picha mnazozijua, pamoja na moja ambayo tayari mmeichapa. Kisha fanyeni haya:

1. Soma namba ya modeli nyuma ya monita yenyewe, wala si kwenye boksi, uilinganishe na maelezo ya mtengenezaji.
2. Fungua picha ya kijivu kitupu ijae skrini. Tazama kama pembe moja ina uwekundu au ukijani.
3. Fungua picha nyeusi na picha nyeupe. Tafuta nukta zilizokufa na mwanga unaovuja kingoni.
4. Fungua picha ya watu wenye ngozi na mavazi ya giza. Itazame ukiwa katikati, kisha keti pale ambapo mteja wako angeketi.
5. Fungua picha ya jengo lenye mistari mirefu. Jiulize kama unauamini unyoofu wake.
6. Linganisha picha uliyoichapa na ileile iliyo kwenye skrini, baada ya kupunguza mwangaza.

Muuzaji anayekataa majaribio haya amekwisha kukupa jibu.

Haki zenu na wajibu wenu

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Paneli ya VA ikiuzwa kwa jina la IPS, au monita iliyotumika ikiuzwa kama mpya, huo ni upotoshaji, na mlaji anaweza kulalamika mbele ya Tume ya Ushindani. Kuuza monita zilizotumika si kosa. Kosa ni kuficha kwamba zimetumika.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo ina kinga ambayo wengi hawaitumii. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Tena, mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa hupaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo msinunue kimyakimya. Mwambieni muuzaji: "Nataka monita ya kuhariri picha za kuchapwa." Mwombeni aandike kwenye hati ya mauzo modeli, aina ya paneli, hali ya bidhaa na muda wa waranti. Tangazo la ukutani lisemalo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi haliondoi haki ya aliyeuziwa bidhaa mbovu au isiyolingana na maelezo. Haki hiyo, hata hivyo, huhitaji ushahidi. Daini risiti ya EFD, mtunze na boksi.

Nani anunue ipi

Mwenye studio ya harusi na picha za paspoti, anayepokea wateja na kuchapa, anunue bapa yenye IPS, inchi 24 au 27. Mwanafunzi anayejifunza anunue bapa ya inchi 24, na fedha itakayosalia aiweke kwenye diski ya kuhifadhia nakala. Anayefanya kazi peke yake katika chumba kinachotawaliwa mwanga, anayehariri video yenye mkanda mrefu wa matukio pamoja na picha, huyo ndiye monita pana iliyopinda ya inchi 34 itamfaa, mradi iwe na paneli ya IPS na mpindo wa taratibu. Yule ambaye tayari anayo iliyopinda asiiuze kwa hasara: aketi katikati, apunguze mwangaza, akague mistari kwa kutumia gridi ya programu badala ya jicho, na mteja amketishe kitini pake anapoidhinisha picha.

Ndugu zetu, soko litaendelea kuleta maumbo mapya, na kila moja litakuja na sifa zake zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Mlaji mwenye picha zake kwenye flashi, swali lake mdomoni na risiti yake mkononi hatakuwa mateka wa sifa hizo.